Mng'aro si Utando: Uhakiki wa Istilahi za Kauri na Ufinyanzi

Makala haya yametokana na mitungi ishirini iliyokataliwa. Aliyeifinyanga ni bibi mmoja wa kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria, katika njia iendayo Magu kutoka mjini Mwanza. Walioikataa ni wenye hoteli moja ambayo jina lake halitaisaidia hoja yetu. Agizo liliandikwa kwa Kiswahili, jambo la kupongezwa, na karibu kila neno lake la kitaalamu lilichukuliwa katika orodha ya istilahi za ufinyanzi iliyopigwa chapa na kugawiwa katika semina ya mafundi. Bibi yule alilitii agizo neno kwa neno. Tumeisoma orodha yenyewe mara tatu, tumeitazama mitungi, na tumeketi na mfinyanzi uani kwake. Tumeridhika kwamba kosa halikuwa lake, wala halikuwa la mnunuzi. Lilikuwa kosa la orodha. Na kwa kuwa sisi tushughulikao na istilahi ndio tuzizaao orodha za namna hii, yafaa tuihakiki hadharani badala ya kunong'ona pembeni.

Agizo lilitaka "mavazi ya udongo ishirini, yenye umbo la picha iliyoambatishwa, mabega mapana na mguu mwembamba, yatiwe mng'aro kamili ndani na nje." Picha ilikuwa ya chombo cha kale cha Kichina: mdomo mdogo, shingo fupi mno, mabega yaliyojaa, kisha mwili unaokwenda ukipungua hadi chini, wote ukiwa na rangi ya kijani iliyotulia. Chombo hicho kingewekwa katika kila meza ya ukumbi wa kulia na kutiwa maua.

Bibi alifinyanga. Umbo alilipata, na kwa mtu ajengaye chungu kwa mikunjo ya udongo, bila gurudumu, mabega yale si mchezo. Udongo mbichi hulemea na kuporomoka pale unapotakiwa kugeuka kuelekea mdomoni. Ilipofika zamu ya mng'aro, alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Alingoja udongo ukaze kidogo, akachukua kokoto laini ya ufukweni, akausugua kila mtungi nje kote, na ndani mpaka mkono wake ulipokoma. Akaichoma kwa kuni na majani makavu. Ikatoka miekundu ya kuiva, inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mitungi ikapelekwa hotelini, ikatiwa maji na maua jioni. Asubuhi vitambaa vya meza vilikuwa vimelowa, maua yamelegea, na mitungi imetoka jasho mwili mzima.

Mtungi wa udongo kutoka jasho si kasoro. Ndiyo sababu ya maji ya mtungini kuwa baridi: yale yapenyayo hugeuka mvuke na kuchukua joto pamoja nao. Lakini hoteli haikutaka maji baridi, ilitaka maua. Malipo hayakutolewa. Methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni haijapata kutimia vibaya zaidi ya hapo.

Sasa tuitazame orodha.

Neno la kwanza, "vazi," hatutalikawilia sana. Mtungaji amelisikia neno la Kiingereza na kuliandika kama sikio lilivyompa, asikumbuke kwamba nafasi ile imekwisha kukaliwa. Vazi ni nguo. Mavazi ya udongo ni yale avaayo mtoto aliyeanguka matopeni. Mfinyanzi wetu aliposomewa agizo na mjukuu wake alicheka, akaitazama picha, akasema, "Huu si mtungi mwembamba huu?" Alikuwa na istilahi kabla ya semina.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi chini ya kichekesho hicho. Katika safu ya maelezo, orodha inalifasili "vazi" kuwa "chombo cha kuwekea maua." Fasili hiyo inataja kazi, haitaji umbo, na kwa chombo kile cha pichani hata kazi yenyewe inakosewa. Wachina huliita umbo lile meiping. Sehemu ya pili ya jina, ping, ina maana ya chupa, na ya kwanza inataja ua la mti wa jamii ya plamu. Mtu aweza kudhani kwamba hapo ndipo maua yanapoingia. Kumbe jina hilo ni la baadaye. Enzi ya nasaba ya Song, iliyotawala tangu mwaka 960 hadi 1279, chombo cha umbo hili kilikuwa hasa cha kuhifadhia mvinyo, na vingi vilikuwa na kifuniko. Mdomo mdogo ulikuwa wa kuzuia mvinyo usivuke, na mabega mapana yalitoa nafasi ya kujaza. Tawi la maua lilikuja kutiwa humo baada ya chombo kustaafu kazi yake ya kwanza.

Pwani yetu inatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Vyombo vya Kichina vilianza kufika huku mnamo karne ya 9. Vigae vyake vimepatikana Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu. Baadaye mabakuli na sahani za Kichina zilipachikwa katika makaburi yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi na ya Mambrui, zikikodoa macho kutoka katika chokaa. Hakuna aliyezila wala kuzitilia maua. Mwenye kukifasili chombo kwa kazi aliyoiona hotelini atapotea kaburini.

Kiswahili kina hazina ya majina ya vyombo vya udongo, na yaliyo mengi hutofautishwa kwa umbo. Tuna mtungi na chungu, ambavyo kila mtoto anavijua. Tuna kasiki na balasi kwa vile vikubwa vya kuwekea akiba. Tuna gudulia la maji ya kunywa, na kuzi lenye shingo nyembamba na mikono. Tuna mrashi, ule wenye shingo ndefu inyunyiziayo marashi. Kwa chombo cha pichani, kuzi haifai kwa sababu ya mikono, na mrashi haufai kwa sababu ya shingo. Tunakubaliana na bibi: ni mtungi. Ikiwa mtu anataka kuutenga na mtungi wa maji, aseme mtungi wa mabega. Kila aliyekiona atajua kinachosemwa, na hata asiyekiona atakikadiria.

Katika sehemu za chombo, orodha inastahili sifa pia, maana haikubuni yasiyohitajika. Mdomo, shingo, mabega, tumbo na kiuno yametumiwa kama watu wayatumiavyo. Kinachotuchoma ni "mguu." Hapa mtungaji ameshikwa mkono na Kiingereza, ambacho hukiita wayo kile kipete kilicho chini ya vyombo vya Kichina. Kwa Kiswahili chombo hukaa, hakisimami, kina kitako. Na vyungu vyenye miguu tunavyo kweli, vile vya chuma vya miguu mitatu, hata mfinyanzi wetu alimwuliza mjukuu wake kama mguu unaotakiwa ni mmoja au mitatu. Tunapendekeza kitako kwa sehemu nzima ya chini, na pete ya kitako kwa ule ukingo uliochongwa ambao chombo hukalia. Pete hiyo ni muhimu kwa mhakiki wa kauri, kwa kuwa mara nyingi huachwa bila kufunikwa chochote ili chombo kisigande tanuruni. Pale ndipo udongo wenyewe unapoonekana uchi, na mjuzi hukipindua chombo kabla hajakitazama usoni.

Wafinyanzi wa kandokando ya ziwa hili nao walikuwa na mambo yao ya kitako. Vyombo vinavyoitwa vya Urewe, kwa jina la mahali huko Nyanza nchini Kenya, vilifinyangwa na watu wa kwanza wafua chuma wa eneo hili, yapata miaka 2,000 na zaidi iliyopita, na vimepatikana pia Buhaya na kwingineko kuzunguka ziwa. Mary Leakey na wenzake walipovieleza mwaka 1948 waliviita kwa alama yao moja: kibonyeo kilichofanywa kwa kidole katikati ya kitako. Orodha haina neno la kibonyeo hicho, ingawa ina maneno sita ya tanuri za umeme. Tunakipendekeza kwa jina hilo hilo, kibonyeo cha kitako.

Tufike sasa kwenye neno lililoiangamiza mitungi. Orodha inasema: "mng'aro: kitu kipakwacho juu ya chombo ili king'ae." Tunalikataa kabisa neno hili kwa maana hiyo, na tutaeleza kwa urefu, kwa sababu limeanza kuenea katika vitini vya shule na katika karatasi za maonyesho.

Hicho kipakwacho ni kitu gani? Ni kioo. Si rangi, si mafuta, wala si sandarusi. Mfinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kusini mwa China uliofinyangia wafalme kwa karne nyingi, alichukua jiwe lililosagwa likawa unga, akalichanganya na chokaa iliyochomwa pamoja na majani ya jamii ya kangaga, akatia maji hadi ikawa kama uji mwepesi. Chombo kilichovishwa uji huo hakina mng'aro wowote. Ni cheupe na cha vumbi, kama mtu aliyetoka kinuni. Ndipo kiingiapo tanuruni. Katika joto la nyuzi 1,250 hadi 1,300 za Selsiasi, majivu na chokaa huliyeyusha jiwe lile, unga ukageuka kioo, na kioo kikashikana na mwili wa chombo hata usijue mmoja umeanzia wapi. Maji hayapenyi tena.

Basi kitu hicho kipo kabla ya kung'aa. Na kipo baada ya kung'aa pia: vigae vya Kichina vilivyolala karne nyingi katika mchanga na chumvi ya Kilwa vingine vimefifia kama jicho la mzee, lakini havijavuliwa walichovikwa. Tena wapo wafinyanzi, wa China na kwingineko, waliokusudia kioo kizito kisichong'aa, laini kama jiwe la mtoni, wakakihesabu kuwa bora kuliko king'aacho. Tutakiitaje hicho kwa orodha hii? Mng'aro usiong'aa?

Kwa upande wa pili, mng'aro upo bila kioo. Ndio ule wa bibi. Kusugua kwa kokoto kunazilaza chembe za udongo upande mmoja, zikabanana, mwanga ukarudi. Ni ufundi wa kale sana katika eneo hili. Baadhi ya vyombo vya Urewe vilisuguliwa hivyo. Hupunguza kupenya kwa maji kwa kiasi fulani, ila haukuzuii. Mfinyanzi wa ziwani aambiwapo atie mng'aro, anajua la kufanya, na alifanya. Hatukumpelekea neno jipya. Tulilichukua neno lake, tukalitia maana nyingine pasipo kumwarifu, kisha tukamhukumu kwa maana ile tuliyoificha.

Hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Istilahi mbaya ya elimu ya nyota humkera mwalimu mmoja. Istilahi mbaya ya fundi humla mtu chakula chake.

Tunapendekeza utando. Neno hili kila mtu analo: utando wa uji uliopoa, utando wa maziwa, utando juu ya jicho. Ni kitu chembamba kilichotanda juu ya kingine, na hakisemi kama kinang'aa au haking'ai. Kwa ukamilifu tuseme utando wa kioo, ili mfinyanzi ajue mara moja kwamba hapa pana jambo ambalo kokoto haliwezi. Baada ya kulitaja mara moja, utando peke yake watosha. Kitenzi kipo: kuvika utando, na chombo kikawa kimetandwa au hakikutandwa. Mng'aro nao urudi kwa wenyewe, uwe sifa ya uso wowote urudishao mwanga. Na kwa kazi ya bibi tuseme mng'aro wa kokoto. Tuliwahi kufikiria "msuguo," lakini wanafizikia wamekwisha kulichukua, nao si watu wa kurudisha.

Zimetolewa hoja mbili dhidi ya utando. Ya kwanza ni kwamba wanabiolojia wanalitumia. Hatuoni ubaya wake. Mizizi ina mimea na meno, na hakuna daktari wa meno aliyekwenda kupalilia. Ya pili ni nzito zaidi. Baadhi ya wenzetu wanasema tuchukue "glezi," kwa kuwa viwanda vinalitumia na vitabu vya kigeni vinalo. Sisi si adui wa mkopo. Sahani tuliikopa kwa Waarabu na meza kwa Wareno, na tunakula juu yake kwa amani. Mwenye duka la vigae vya sakafu na aseme glezi, hatutamshitaki. Tofauti ni kwamba glezi humnyamazia mtu asiyeijua, haimwelekezi popote. Ilhali utando wa kioo humwambia mfinyanzi wa Magu habari nusu kabla hajauliza. Hata hivyo, kama tungelazimishwa kuchagua kati ya glezi na mng'aro, tungechagua glezi bila kusita. Neno lisilosema kitu ni salama kuliko lisemalo kingine.

Na mfinyanzi wetu angeweza kuvika utando huo kama angeambiwa? Kwa tanuri aliyo nayo, la. Moto wa wazi wa kuni na majani kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000. Jambo la kushangaza ni kwamba malighafi si ngeni kwake. Majabali ya matale ambayo Mwanza imekaa juu yake, yale yanayoonekana hata ziwani, yana feldispa na kwatsi ndani yake, na hayo ni ndugu wa mawe yaliyomo katika kauri ya Kichina. Udongo mweupe uitwao kaolini, ambao jina lake limetokana na kilima cha Gaoling karibu na Jingdezhen, ni feldispa iliyooza kwa muda mrefu. Tanzania tunao Pugu. Kilichokosekana ni tanuri ya kuushika moto ule. Agizo lililoandikwa sawasawa lingalimwezesha bibi kusema hapo hapo, "Hili siliwezi, labda muniletee tanuri," akaendelea na vyungu vyake vya kuuza gulioni.

Neno kauri lenyewe lina mashaka yake, hasa huku ziwani. Katika Kiswahili hutumika kwa maana mbili: kombe dogo la baharini lenye mgongo laini, na udongo mweupe mwororo wa vyombo vya Kichina. Watu wengine huona haya juu ya jambo hili, wakalihesabu kuwa umaskini wa lugha. Wasione haya. Lugha za Ulaya zimepita njia hiyo hiyo: jina lao la kauri, ambalo Marco Polo alilitumia, kwa Kitaliano lilikuwa jina la kombe hilo hilo, kwa sababu vyote viwili ni vyeupe, laini, na vya kung'aa kwa ndani.

Lakini mwanafunzi wa Mwanza anapolisikia neno kauri anaona kombe, kwani ndilo lililofika kwao. Katika misafara ya kutoka pwani vilivyosafiri kwa wingi ni nguo, shanga, nyaya za shaba, na makombe hayo. Vyombo vya Kichina vilibaki pwani, na si ajabu, maana hakuna mpagazi atakaye kubeba mwendo wa miezi mzigo uvunjikao. Makombe yakawa mapambo, yakawa fedha. Kiganda hadi leo kinaiita fedha ensimbi, yaani makombe. Nasi katika Kiswahili tunalo simbi kwa maana ya kombe hilo. Tunapendekeza basi, kwa maandishi ya kitaalamu tu, simbi liwe la kombe na kauri libaki la chombo. Katika maongezi kila mtu na aendelee na desturi ya kwao.

Orodha inazigawa kauri katika mafungu mawili kwa kufuata vitabu vya Ulaya: ile nyeupe ipitishayo mwanga, na ile nzito ya kijivu isiyopitisha. Mgawo huu hauna lazima. Wachina wenyewe wana neno moja, ci, kwa chombo chochote kilichochomwa hadi mwili wake ukakaza na kulia kama kengele kikigongwa. Kiswahili chaweza kukaa upande wa Wachina katika jambo hili bila hasara. Gonga kwa ukucha: kikilia, ni kauri, kikisema "ti" na kunyamaza, ni kigae cha kawaida.

Mtungi wa pichani ni wa fungu hilo la pili, na orodha inaiita rangi yake "chanikiwiti." Hapa tunaomba msamaha wa aliyeandika, lakini tunashuku hakuiona picha. Chanikiwiti ni kijani kikali cha majani machanga ya mgomba. Kijani cha mtungi ule kimetulia, kina kijivu ndani yake na buluu kidogo, na huwa kizito pale utando ulipojikusanya chini ya mabega na chepesi pale ulipokonda ukingoni mwa mdomo. Ukitazama maji ya ghuba ya Mwanza wakati wa mawingu, karibu na mawe, utapata kitu kinachoelekea huko. Wachina husema qing, neno linalochukua kijani na buluu pamoja. Wazungu husema seladoni, jina ambalo kwa maelezo ya wengi lilitoka kwa mchungaji mmoja wa riwaya ya Kifaransa ya karne ya 17, aliyevaa utepe wa kijani. Sisi hatuoni kwa nini chombo cha China kifikapo Afrika kipitie malishoni Ufaransa. Kiitwe kwa mahali kilipochomwa, kauri ya Longquan, kwa jina la mji wa jimbo la Zhejiang uliopeleka vyombo hivyo kote katika Bahari ya Hindi, Kilwa ikiwa mojawapo ya bandari zilizovipokea. Rangi ielezwe kwa maneno: kijani cha maji.

Rangi hiyo haikupakwa. Hili nalo orodha imelikosa, kwa kuandika "rangi ya juu." Ndani ya utando mna chuma kidogo sana, sehemu moja hadi tatu hivi katika mia. Tanuri ikinyimwa hewa, moto wenye njaa hunyang'anya chuma oksijeni yake, na utando hugeuka kijani. Hewa ikiingia tele, chuma kile kile hutoa manjano au hudhurungi. Kwa moto wa kwanza orodha inatupa "mchomo wa upunguzaji," ambao hakuna fundi atakayejua unapunguza nini. Mfinyanzi wetu, tulipomweleza, alisema kwamba vyungu vyake vyeusi hufanywa kwa kuufunika moto kwa samadi na majani mabichi, na kwamba huo wanauita tu moto wa moshi. Tunapendekeza moto wa kunyimwa hewa, na mwenzake moto wa hewa tele. Ni marefu kidogo, lakini hayahitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Limebaki moja. Picha inaonyesha mistari myembamba iliyosambaa katika utando kama mishipa ya jani. Orodha inaiita "kasoro za nyufa." Mistari hiyo hutokea utando unaposinyaa kuliko mwili uliouvaa wakati chombo kinapopoa, na kwa mfinyanzi wa sahani za kulia kweli ni kasoro. Lakini mafundi wa enzi ya Song waliitafuta kwa makusudi. Katika kauri iitwayo Ge waliitia hata wino ili ionekane zaidi. Istilahi isihukumu kabla ya jicho. Tuseme nyufa za utando kwa mistari hiyo, tuwaachie wahakiki waseme kama ni nzuri au mbaya, na ufa wa chombo ubaki kwa ule uvujishao maji.

Mapendekezo yetu tumeyaandika na kuyapeleka kunakohusika: mtungi wa mabega, kitako, pete ya kitako, kibonyeo cha kitako, utando wa kioo, mng'aro wa kokoto, moto wa kunyimwa hewa, nyufa za utando, simbi na kauri. Wasomaji wenye majina ya kienyeji ya mambo haya, hasa kutoka Ukerewe, Sengerema na Buhaya, tunawaomba watuandikie. Hatuamini kwamba uani kwa bibi mmoja tumeokota yote. Waliotunga orodha nao wanayo haki ya kujibu katika kurasa hizi hizi.

Katika mitungi ile ishirini, minne ilivunjika njiani ikirudishwa. Kumi na mitano bibi ameiuza gulioni kwa bei ya mitungi ya maji, na walioinunua wanaisifu kwa ubaridi. Mmoja tuliununua sisi. Upo juu ya meza tunayoandikia, umewekewa sahani chini.